Mashua ya Amu na watu msiojuana: mambo ya kumaliza mkiwa bado nchi kavu

Watu hunishangaa nikisema zile siku nne za mashua visiwani Lamu, ama Amu kama wenyeji wanavyoita, huwa naenda na watu nisiowajua. Mwanzo ilikuwa ni pesa tu wala si ujasiri. Mashua hukodishwa nzima, na nahodha na vijana wake wawili, muwe wawili muwe wanane bei haiachani sana, sasa ukiwa peke yako utalipa mpaka hamu yenyewe ya bahari ikuishe. Kwa hivyo unatafuta wenzako, wengine unawakuta lojing, wengine hapo uwanjani mbele ya Ngome ya Lamu, ama mnafungua grupu ya WhatsApp wiki mbili kabla. Sita mpaka wanane wanatosha kwa mashua ya kawaida. Wakizidi hapo mchana hamtaona shida, shida mtaiona usiku kila mtu akitafuta pa kunyoosha miguu.

Mkishakutana msianze na maneno ya mnataka kwenda wapi, kila mtu atasema kisiwa cha Kiwayu manake ameona picha. Anzeni na siku ya kurudi. Nani ana ndege, nani ana basi la kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, kwenda Mombasa, nani bosi wake anamtaka Jumatatu asubuhi. Mwenye ndege jioni ya siku ile ile mnayorudi mwambieni kwa upole abadilishe tiketi ama angoje safari nyingine, sababu upepo ukilala atawakalia kichwani nyote, na nahodha atalazimika kuwasha mashine njia nzima na mafuta mtalipa nyinyi. Mimi huweka siku nzima ya akiba, nikirudi mapema nashinda Shela, kijiji cha ufukweni hapo Amu, nalala tu.

Upepo nao muuelewe kidogo msije mkamlaumu nahodha bure. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, inavuma kama Desemba mpaka Machi, kusi ya kutoka kusini inaanza Aprili na katikati ya mwaka inakuwa kali, bahari ya nje inachafuka na manahodha wengi hawataki kutoka na wageni. Mimi napenda miezi ya kaskazi, na Oktoba Novemba pia si mbaya. Sasa Kiwayu iko kaskazini mashariki ya Amu, kama kilomita 50, kwa hivyo wakati wa kaskazi kwenda ni kupinga upepo, mnapiga bisho huku na huku kutwa nzima na kile kisiwa mlichokiona saa nne bado mnakiona saa nane, alafu kurudi ni raha tupu tanga limejaa. Waambieni wenzenu hilo kabla, kwamba siku ya kwanza ndio ya kuudhi. Na mkiwa na siku mbili tu Kiwayu iacheni, kisiwa cha Manda Toto kwa kuogelea na kuangalia samaki na Takwa, kisiwani Manda, kwa magofu zinatosha kabisa. Huko juu karibu na mpaka wa Somalia pia muulizie usalama wiki hiyo hiyo, kwa nahodha na kwa polisi, na kila mtu awe na kitambulisho.

Kitu kinachovunja safari nyingi lakini ni maji kujaa na kutoka. Ukitoka Amu kwenda Pate na Kiwayu bila kuzunguka bahari ya nje unapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku, na mashua hupita maji yakiwa yamejaa. Hata Takwa ukiingilia upande wa mikoko ni hivyo hivyo. Safari yangu ya pili nahodha alisema saa kumi na mbili asubuhi tuwe gatini, wawili wakaja saa moja na nusu, mmoja alikuwa anatafuta kahawa ya maziwa yani, tukafika Mkanda maji yanatoka, chombo kikakaa kwenye matope kikainama upande na sisi ndani yake mpaka mchana. Jua, mbu, na hakuna anayemsemesha mwenzake. Kwenye mashua hakuna chumba cha kwenda kununia, na hao watu wawili nililala karibu nao usiku tatu zilizofuata. Tangu siku hiyo nikipanga safari saa ya kuondoka naandika kwenye grupu nusu saa kabla ya ile ya nahodha, simwambii mtu.

Pesa zikusanywe zote mapema, zishikwe na mmoja, na kila matumizi yapigwe picha yawekwe kwenye grupu. Msikubali mambo ya tutamalizana mbele ya safari, Kiwayu si mahali pa kutegemea netiweki ya kutuma M-Pesa. Na nahodha mwulizeni neno kwa neno: chakula kimo? maji ya kunywa yamo? mafuta ya mashine je, ada ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, huko Kiwayu, nani analipa? Nahodha mzuri hakasiriki kuulizwa. Nendeni mkakione chombo chenyewe siku moja kabla, mhesabu laifujaketi kwa mikono yenu, muangalie mashine inawaka, na muangalie ngama, kule chini ndani ya chombo maji yanakokusanyika, maji kidogo ni kawaida ya chombo cha mbao lakini kama kijana anafua maji na chombo kimefungwa tu gatini, tafuteni kingine.

Vya kubeba ni vichache. Kikoi au leso mbili, hiyo ni shuka, taulo, pazia na kivuli. Tochi, pawabenki, dawa ya mbu, kofia yenye kamba, na begi laini, sanduku lenye magurudumu halina pa kukaa. Simu itie kwenye begi la mpira linalozuia maji, mifuko ya plastiki Kenya ilipigwa marufuku tangu 2017 kwa hivyo usiitegemee. Maji ya kunywa mimi huhesabu lita tatu kwa mtu kwa siku. Mkishuka Faza, Siyu au Pate mjini jifunikeni mabega na magoti, ni miji ya watu wanaishi na si bichi ya hoteli, salamu kwanza kamera baadaye.

Anayeugua bahari ameze dawa kabla ya kuondoka, si akishaanza kutokwa jasho baridi. Akae katikati ya chombo, atazame mbali kule maji yanapokutana na mbingu, simu aweke, tangawizi atafune. Na akizidiwa aende demani, upande upepo unakoelekea, maana akienda joshini, upepo unakotoka, tutamjua sote kwa nguo zetu. Choo mkubaliane siku ya kwanza bila aibu, ni ndoo na leso iliyoshikwa na mwenzako, ama kungoja kisiwa.

Chakula hakina shida hata, seredani, jiko la makaa, inawekwa kwenye sanduku la mchanga, wali wa nazi unaiva chombo kikiyumba, na ukimpa kijana mshipi na chambo, samaki aina ya changu hakosi. Asiyekula samaki aseme kabla ya kununua vyakula, asingoje sahani. Kazi mgawane, mmoja anakuna nazi, mwingine anaosha vyombo, maana kuna yule atakayelala mbele na miwani ya jua toka Amu mpaka Amu na kufikia siku ya tatu hakuna anayempenda.

Bakshishi ya nahodha na vijana kusanyeni mkiwa bado majini, mnaona Shela hiyo kwa mbali. Mkishagusa gati kila mtu anakimbilia chaja.