Kabla hujanunua ardhi kijijini, pima wilaya kwa mwezi wake mbaya

Ndugu zangu, wengi tunakwenda kutazama ardhi mwezi wa Mei, mvua imekolea na migomba imenawiri. Wakati huo kila wilaya ya Uganda inapendeza. Swali ni familia itaishije pale ukame ukibana au barabara ikikatika.

1. Mvua. Kusini kuna misimu miwili: Machi hadi Mei, na Septemba hadi mwishoni mwa mwaka. Kaskazini ni kama msimu mmoja mrefu, takriban Aprili hadi Oktoba, kwa hiyo ghala lako lazima livushe watu kiangazi kizima. Ukanda wa ng'ombe, kuanzia Isingiro kupitia Nakasongola hadi Karamoja, mvua husuasua.

2. Maji. Nenda Februari. Usimuulize dalali, waulize akina mama wanaochota: kisima hukauka lini, foleni ni ndefu kiasi gani, pampu ikiharibika nani anachangisha pesa za fundi? Kijiji kisicho na jibu la swali hilo la mwisho, mimi sikipendekezi hata ardhi yake iwe nyeusi vipi.

3. Mteremko na bonde. Udongo wa Mlima Elgon una rutuba, na rutuba hiyo ndiyo inayowarudisha watu penye hatari. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko yalifukia watu Nametsi, Bududa. Kasese, mto Nyamwamba ulifurika 2013 na tena 2020. Waombe wazee wakuonyeshe maji yalifika wapi.

4. Hati. Jua kama ni mailo (umiliki wa kudumu, hasa Buganda), freehold (umiliki wa kudumu wa kawaida), lizi (ardhi ya kukodishwa kwa muda) au ardhi ya kimila. Kibanja, yaani kipande cha mkaazi aliye kwenye ardhi ya mtu mwingine, ndani ya mailo kina mwenye ardhi juu yake. Lazima naye ahusishwe. Kagua hati katika ofisi ya ardhi ya kanda, kisha tembea mipaka pamoja na majirani na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kama familia inaishi hapo, mke au mume wa muuzaji lazima akubali.

5. Matibabu. Kituo cha afya daraja la nne kinatakiwa kuwa na chumba cha upasuaji. Pima umbali wake kwa bodaboda, siku ya mvua.

Maswali ya wanachama

*Mimi ni Mkenya, naweza kununua?*
Mailo na freehold ni za raia tu, ndugu. Wewe unapata lizi, isiyozidi miaka 99.

*Zao gani la akiba?*
Muhogo, dada, kwa sababu hukaa ardhini ukakungoja. Ila ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha mizizi humo humo, kwa hiyo tafuta mbegu inayostahimili kama NAROCASS 1. Ongeza maharagwe makavu.

*Nimepewa ekari mbili kwa bei nafuu, pembeni kuna mafunjo.*
Mafunjo ni dalili ya ardhi oevu, mzee wangu, na kwa Katiba serikali inaishikilia kwa niaba ya wananchi. Hati iliyotolewa humo inaweza kufutwa. Muone afisa mazingira wa wilaya kabla hujatoa hata shilingi.