SOMO: Wakulima wa kwenu hawataki makinga maji? Soma hapa kabla hujanitumia meseji

Wadau, kila masika ikikaribia naulizwa kitu kilekile, "watu wetu wagumu, nifanyeje wakubali kuchimba?" Naandika mara moja. Makinga maji ni mitaro inayokatisha mteremko ili maji yasibebe udongo. Mimi niko Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro.

1. Piga hodi kwa mwenyekiti wa kitongoji na wazee.

2. Usiitishe mkutano wa kufundisha mmomonyoko. Mtu anayeona maji ya mto Weruweru yamekuwa rangi ya chai ya maziwa anajua vizuri udongo wake unahamia bwawa la Nyumba ya Mungu. Muulize kinachomzuia. Utasikia kinga linakula shamba na lenyewe ni nusu eka, au vijana wote wako mjini nani achimbe.

3. ANZENI JUU. Hapa niliharibu. Nilianza na waliokuwa tayari, na wote walikuwa chini ya mteremko. Tukapima mistari ya usawa kwa fremu A (miti mitatu iliyofungwa kama herufi A), tukachimba futi 2 kwenda chini na futi 2 upana, udongo tukatupa upande wa juu, kazi safi kabisa. Mvua kubwa ya Aprili maji yakashuka kutoka mashamba ambayo hatukuyagusa, yakajaza kinga la kwanza, tuta likapasuka, la pili likafuata, la tatu. Asubuhi mama mmoja kasimama ndani ya korongo jipya katikati ya maharage yake, linamfika magotini, akaniambia, "Zamani yalikuwa yanapita yametawanyika, wewe umeyakusanya ukayaleta kwangu." Alisema kweli. Misimu miwili hakuna aliyenisikiliza. Kwa hiyo kama wa juu hajakubali, MSICHIMBE chini. Rudi kwake hata mara kumi, na umsaidie kuchimba kinga kubwa la kupokea maji na kuyapeleka penye njia yake.

4. Chimbeni kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na malipo, kama mnavyosafisha mfongo (mfereji wa kumwagilia). Ukianza na posho, siku posho ikiisha na watu wameisha.

5. Wiki hiyohiyo pandeni majani ya Guatemala au matete juu ya tuta. Mwenye ng'ombe wa ndani akishakata mzigo wa kwanza humbembelezi tena.

MASWALI

Mchaga_Halisi: Mkuu tunaanzia wapi, juu au chini?
– Namba 3. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Kamanda77: Mnabembeleza nini, serikali ipige faini tu.
– Wakoloni walilazimisha matuta milima ya Uluguru, Morogoro, 1955 watu wakaandamana mpaka mtu akauawa, na mpango ukafa. Tuta la kulazimishwa nani atalikarabati?

Mama Kihamba: Kaka, mimi nalima shamba la kukodi huko chini, mwenye shamba yuko Dar. Nikichimba si namtengenezea yeye?
– Swali zuri sana dada. Usichimbe bure. Mpigie, ombeni mwandikiane miaka mitatu au minne badala ya msimu mmoja, na kodi ya mwaka wa kwanza apunguze kwa kazi yako. Shahidi awe mwenyekiti. Akikataa, weka mistari ya majani tu na ulime kukata mteremko, hiyo haina gharama kubwa.

Mama Kihamba: Asante kaka. Matete si yanaleta panya?
– Ukiyaacha yazeeke, ndiyo. Kata yakiwa usawa wa kifua.

Fundi_Maziwa: Guatemala ivumilie kivuli cha migomba kweli?
– Kwangu iko pembeni ya migomba na inakatwa. Vipando ninavyo, njoo na kiroba, utalipa kwa kumpa jirani yako wa juu.