Kabla ya kukodi darubini ya mbali: mambo ya kuzingatia

Darubini ya roboti, ile inayoendeshwa kwa mtandao, ukiikodi Siding Spring, kituo cha kutazama nyota nchini Australia, haikuulizi ulimaanisha nini. Hutekeleza mpango kama ulivyoandikwa, na kosa likiwemo hupigwa picha vilevile, kwa hela yako. Tuchukue mfano wa NGC 5128, yaani Centaurus A, galaksi yenye mkanda mweusi wa vumbi katikati.

Cha kwanza ni saa. Mipango mingi huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa. Nairobi na Dar es Salaam ziko saa 3 mbele yake, Siding Spring saa 10 (11 wakati wa kiangazi chao). Usiku wa manane kule mwezi Mei ni 14:00 UTC, na kwetu ni saa kumi na moja jioni. Mtego uko kwenye hiyo 14:00: sisi huisoma "saa nane", na mkono ukizoea unaandika 08:00. Muda huo kule giza halijakamilika.

Halafu anwani ya galaksi angani: RA (mahali pake mashariki-magharibi, kwa kawaida kwa saa) ni saa 13 dakika 25 sekunde 28, Dec (kaskazini-kusini, alama ya kutoa ikiwa kusini) ni −43° 01′. Soma kisanduku cha kujazia mpango kinataka nini. Kikitaka RA kwa digrii, jibu ni 201.37, ukiandika 13.42 darubini itaelekea kwingine kabisa bila kulalamika. Alama ya kutoa nayo isisahaulike. Kwenye −43° galaksi hupanda hadi digrii 78 juu ya upeo wa macho pale Siding Spring. Kwenye +43° huwezi kuvuka 16. Usipige chini ya digrii 30, kwani hapo mwanga hupita kwenye hewa mara mbili ya ile ya utosini. Aprili na Mei ndiyo miezi yake. Mwezi mpevu ukiwa juu, weka kando vichujio vya rangi za kawaida. Kichujio cha hidrojeni-alfa, kinachopitisha mwanga mwekundu wa hidrojeni tu, huvumilia zaidi, ingawa kwa galaksi hii hakitoshi peke yake.

Kabla ya kuchagua darubini, piga hesabu ya kipande cha anga kinachoingia kwenye pikseli moja: 206.265 mara ukubwa wa pikseli kwa mikroni, gawa kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Pikseli ya 3.76 kwenye milimita 530 hutoa sekunde 1.46 za pembe kwa kila pikseli (digrii moja ni dakika 60 za pembe, na dakika ni sekunde 60). Galaksi yenye upana wa dakika 26 za pembe hivi itachukua pikseli kama 1,070 tu kati ya 9,576 za kamera ya fremu kamili: doa zuri katikati ya nyota. Milimita 2,000 huleta kama 4,000, na ule mkanda unaonekana nyuzinyuzi. Stellarium, programu ya ramani ya anga, ni ya bure na itakuchorea fremu hiyo. Kumbuka tu kubadili mahali, usiache imesimama Mombasa.

Piga picha moja ya majaribio ya sekunde 300. Kipimo cha mwanga cha kamera ya biti 16 hufika mwisho kwenye 65,535. Kiini cha galaksi kikigota hapo, punguza muda. Kisha panga picha 36 za sekunde 300, siyo 9 za dakika 20. Jumla ni saa 3 zilezile, ila setilaiti au upepo ukiharibu moja umepoteza dakika 5. Washa kule kusogeza fremu pikseli chache baada ya kila picha, la sivyo kasoro za kamera zitarundikana mahali pamoja na kuacha michirizi. Acha nusu saa ya ziada kwa kutafuta fokasi na kwa stendi kugeuka galaksi inapovuka katikati ya anga.

Uliza pia kuhusu picha za kusahihisha. Za giza, zinazopigwa bila mwanga kuingia, ziwe na joto lilelile la kamera (tuseme −20 °C) na muda uleule. Za mwanga sawia, zinazopigwa kwenye mwanga ulioenea sawasawa, ziwe za kichujio kilekile na kamera isiwe imezungushwa, maana bila hivyo pete za vumbi hazifutiki. Na soma masharti ya mawingu kabla ya kulipa: nani anabeba gharama anga likifunga katikati ya kazi?

Mwisho ni bando. Faili moja la FITS (aina ya faili la picha za anga) la kamera hiyo, bila kubanwa, ni kama MB 122, hivyo 36 ni GB 4.4 kabla ya zile za kusahihisha. Pakua ile ya majaribio kwanza, ifungue kwa Siril, programu ya kuchakata picha za anga, ukuze pembe zote nne. Nyota zikiwa mviringo, tuma mpango.