Kurekebisha nyaya za klachi na gia kwenye Vespa ya zamani

Vespa nyingi za zamani zinazoletwa gereji hapa Malindi kwa madai kwamba klachi imekwisha huwa na klachi nzima; kilichoharibika ni waya. Upepo wa bahari huingiza chumvi ndani ya ganda la waya, na kutu ikishaota humo, hakuna skrubu itakayousaidia. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, fungua ncha ya upande wa injini na uuvute waya huku na huku kwa mkono. Ukikwaruza, au ukiona hata uzi mmoja umekatika karibu na kibanio, weka mpya.

Waya wa klachi ukiwa mzima, legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu ya kurekebishia mpaka mkono wa klachi ubaki na mlegeo wa milimita 2 hivi, kisha kaza nati. Ukikaza kupita kiasi, injini itanguruma bila mwendo kuongezeka na sahani za klachi zitaungua. Ukiulegeza mno, chombo kitasogea kikiwa gia ya kwanza ingawa umebana klachi yote.

Gia ndizo zinazotaka subira, kwa sababu nyaya zake ni mbili na kila mmoja huvuta upande wake. Weka mshikio wa kushoto wa usukani, ule unaozungushwa kubadilisha gia, kwenye nyutro, kati ya gia ya kwanza na ya pili, kisha hakikisha kwamba injini nayo imo nyutro kwa kuzungusha gurudumu la nyuma, ambalo linapaswa kwenda bila kizuizi. Hapo ndipo ubane waya mmoja, halafu wa pili, ukiondoa ulegevu wa zote mbili kidogo kidogo. Anayekaza mmoja tu huusogeza mshikio, na alama ya nyutro haikubaliani tena na injini. Unapojaribu gia, endelea kuzungusha gurudumu kwa mkono, maana likiwa limesimama baadhi ya gia hukataa kuingia hata nyaya zikiwa sawa. Mkia wa waya utie risasi ya kulehemu kabla ya kuukata, usije ukafumuka.

Maswali

Fundi, gia ya pili inaruka nikiongeza mwendo, na nyaya nimezikaza.
Ikiwa nyutro inakubaliana pande zote mbili, usikaze zaidi, ndugu yangu. Huenda kile kipande chenye umbo la msalaba kinachoshika gia kimelika, nacho hakibadilishwi bila kufungua injini.

Nikikata kona, injini inapandisha mlio yenyewe. Ni kabureta?
Anza na waya wa akseleta. Washa injini ukiwa umesimama na uzungushe usukani pande zote. Mlio ukipanda, waya ni mfupi au umepitishwa vibaya. Usiiendeshe kabla hujaurekebisha, dada.

Je, waya wa breki ya baiskeli unafaa kwa klachi?
Haufai. Ni mwembamba, na kichwa chake hakikai sawasawa kwenye mkono wa klachi.