Mashua kuukuu inauzwa Tanga: ya kuangalia kabla hujatoa hela

Chombo hakikaguliwi kikiwa kinaelea. Muuzaji akikuita Sahare au Kigombe jioni, maji yamejaa na rangi inang'aa, mwambie utakuja bamvua. Siku hizo, za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Tanga hupwa zaidi ya mita 3, na huwa chini kabisa kama saa nne hadi saa tano asubuhi. Mashua italala ubavu mmoja mchangani. Kesho yake ilazwe ubavu wa pili. Asiyekupa siku mbili, achana naye.

Mlingoti: gonga kuanzia juu hadi kwenye mwashiri, mbao inayoshika kitako chake, maana maji ya mvua hutuama pale na kuozesha kitako. Foromali, mti unaobeba tanga, ikiwa na ufa wa kufuata urefu, si neno. Ufa wa kukingama, ikatae. Tanga lenyewe na henza, kamba ya kulipandishia, vihesabu kama utanunua vipya. Usukani usicheze kwenye bawaba zake. Nanga iwepo, na kamba yake.

Uliza mbao ni za mti gani. Mwembe unapatikana kirahisi lakini huoza mapema. Msaji, kama ule wa Longuza kule Muheza, hustahimili. Choma mbao kwa ncha ya bisibisi, hasa karibu na mkuku, uti wa chini wa chombo, kwenye hanamu, mti wa mbele, na kwenye fashini, mti wa nyuma. Ncha ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, hapo hapana mbao tena. Kama ubavu umepakwa shahamu juzi tu, omba ikwanguliwe sehemu tatu nne: mchanganyiko huo wa chokaa na mafuta hufunika vitundu vya wadudu wanaotoboa mbao chini ya maji.

Sasa misumari, na hapa ndipo wengi wanapolizwa. Msumari wa chuma hauliwi kichwani. Kutu huula shingoni, pale ubao unapokutana na taruma, yaani ubavu wa ndani wa chombo, kwa kuwa maji ya chumvi hupenya na kukaa hapo. Nje utaona kichwa kizima, kimezibwa na kupakwa rangi, kumbe ndani kimebaki kijiti chembamba kama njiti ya kiberiti. Mashua ya namna hiyo hutembea vizuri tu ndani ya ghuba. Ikitoka nje wakati wa kusi, ikabeba mzigo na kupigwa na mawimbi ya ubavuni, mbao huanza kucheza, kalafati, pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, hutemwa, na maji huingia kwa wingi kuliko yanavyofuliwa, yaani kutolewa kwa ndoo. Dalili yake ni doa jeusi kuzunguka kila kichwa na machozi ya kutu yanayoteremka. Rangi mpya huficha yote mawili, kwa hiyo usiridhike na macho. Lete fundi wako, si wa muuzaji, ang'oe misumari mitatu: mmoja karibu na hanamu, mmoja katikati chini ya usawa wa maji, mmoja karibu na fashini. Gharama ya kuirudisha lipa wewe, ili asipate kisingizio. Shingo ikiwa imeliwa nusu, chombo chote kinahitaji kupigiliwa upya, tena kwenye matundu mapya, maana ya zamani yameshalegea na mbao yake imeungua kwa kutu. Kazi hiyo huenda pamoja na kalafati mpya. Toa gharama yake kwenye bei, au ondoka.

Ukikuta saruji imemwagwa kwenye ngama, chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika, usidanganywe kwamba ni uzito wa kutuliza chombo. Mara nyingi imeziba mvujo, na chini yake mkuku na mataruma vinaoza taratibu bila kuonekana.

Mvujo wenyewe upime hivi. Mashua iliyokaa juu siku nyingi lazima ivuje ikishushwa, mpaka mbao zinywe maji na kuvimba, kwa hiyo siku ya kwanza usihukumu. Siku ya tatu fua maji yote, iache inaelea usiku mzima, asubuhi chovya kijiti kwenye ngama. Vidole viwili ni kawaida ya chombo cha mbao. Kiganja kizima, rudi kwenye misumari.

Karatasi: jina kwenye usajili lifanane na la anayepokea hela, na namba ifanane na iliyoandikwa ubavuni. Uliza TASAC, shirika la serikali linalosajili vyombo, kabla, si baada. Kama utavulia, leseni ya uvuvi ni jambo jingine, usiambiwe inauzwa na chombo. Mkabidhiane mbele ya serikali ya mtaa, kwa maandishi, na vifaa vyote vitajwe kimoja kimoja, hata ndoo.

Safari ya kwanza isipite kisiwa cha Ulenge, mdomoni mwa ghuba. Bila mzigo, watu wanne, ndoo mbili za kufulia, pamba na patasi ya kalafati karibu, na simu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.