Unataka ukufunzi? Anza utafiti na darasa lako

Walimu wa hapa Moshi wanaotaka kuhamia vyuo vya ualimu huniuliza wasome shahada ya uzamili ipi. Mimi huwauliza kwanza kama madaftari ya darasa lao la pili wanayasoma, au wanaweka vyema tu.

Chagua swali dogo. "Ufaulu wa hisabati Kilimanjaro" hutaliweza. "Kwa nini wanangu hukwama kutoa kwa kuchukua" linashikika. Usikimbilie dodoso (wakufunzi tunalipenda mno). Mtoto aliyeandika 52 − 17 = 45 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Mwite, akueleze alivyofikiri, uandike maneno yake kama yalivyo, hata akichanganya na Kichaga.

Kuingia shule nyingine kuna njia yake: barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo mwalimu mkuu. Epuka Septemba, darasa la saba wako kwenye mtihani.

Matokeo yasome kwanza kwa wenzako, saa ya chai. Watakubishia. Andika na ubishi wao.