Mnyoo mzee na chumvi: namna ya kupima "kutu" ya chaneli ya potasiamu

Mnyoo C. elegans ana urefu wa milimita 1 na huishi wiki mbili hadi tatu, hivyo uzee wake hauhitaji kungoja miaka. Akizeeka, chumvi aliyokuwa akiifuata haimvuti tena. Mwaka 2009 Cai na Sesti walionyesha sababu mojawapo: oksijeni tendaji (molekuli kali za oksijeni zinazoharibu seli, kama kutu inavyoharibu chuma) huishambulia KVS-1, chaneli ya potasiamu, yaani mlango wa protini unaopitisha potasiamu kwenye utando wa seli za neva. Minyoo waliobadilishiwa sisteini (asidi amino, tofali la protini) moja tu ya chaneli hiyo, ile ya 113, walidhurika kidogo kuliko wenzao.

Hatua ya 1. Pata rika moja. Waache minyoo wakubwa watage kwa saa mbili, kisha waondoe. Kwa nyuzi 20, mayai hayo huwa watu wazima baada ya siku tatu hivi. Unaowazeesha wahamishe kila siku wanapotaga, la sivyo hutajua nani babu nani mjukuu.

Hatua ya 2. Jioni ya kuamkia jaribio, weka kipande cha agari (jeli ya kuoteshea) chenye chumvi upande mmoja wa sahani, na kisicho na chumvi upande wa pili. Asubuhi viondoe, udondoshe hapo mikrolita 1 ya azidi ya sodiamu ili mnyoo akifika asiondoke. Ni sumu kali: vaa glavu, na usiikutanishe na asidi.

Hatua ya 3. Andaa vijana, wazee, na vijana wa kulowekwa kwenye peroksidi ya hidrojeni, inayoiga shambulio la oksijeni tendaji. Waoshe mara tatu kwanza! Bakteria ambao minyoo huwala wana kimeng'enya kiitwacho katalesi, na katalesi huvunja peroksidi. Mimi nilipoteza wiki nzima nikiloweka minyoo kwenye maji matupu. Anza na peroksidi ya milimola 1 kwa lita, kwa nusu saa, uoshe tena. Vijana wengine waloweke kwenye bafa (myeyusho unaotunza kiwango cha asidi) tupu kwa muda uleule.

Hatua ya 4. Weka minyoo kama 100 wa kundi moja katikati ya sahani, nyonya maji kwa pembe ya tishu, ngoja saa 1, hesabu. Fahirisi ni walio kwenye chumvi, toa walio upande wa pili, gawa kwa wote waliotoka katikati.

Hatua ya 5, ambayo wengi huiruka. Mzee hutambaa polepole. Pengine chumvi anaionja ila mwili umechoka. Weka 10 wa kila kundi, mmoja mmoja kwenye tone la bafa, uhesabu wanavyojipinda kwa sekunde 30. Waliolowekwa kwenye peroksidi wakijipinda sawa na vijana wenzao huku fahirisi imeshuka, tatizo ni hisia, si misuli. Sasa ndipo ulete minyoo wenye sisteini iliyobadilishwa. Nao wakishuka vilevile, punguza peroksidi kabla hujailaumu chaneli.